Kiti cha Arobaini na Tatu

Msomaji, kama umepata kuingia katika chumba cha sayansi cha shule yako, yamkini umeona ukutani jedwali la elementi, limegawanyika vyumba vyumba mfano wa sega la nyuki. Katika kila chumba imeandikwa elementi moja pamoja na nambari yake: haidrojeni ni ya 1, kaboni ni ya 6, chuma ni cha 26, dhahabu ni ya 79. Wanafunzi wengi hulitazama jedwali hilo kama watazamavyo ukuta wenyewe. Hudhani kuwa limekuwapo tangu zamani na kwamba halina historia. Sivyo. Lilijengwa na watu, nao walilijenga kwa shida.

Tuseme kuwa jedwali hilo ni baraza kubwa, na kila elementi ina kiti chake barazani. Viti vingine vilipata wenyewe mapema. Vingine vilikaa vitupu miaka mingi. Nataka kukusimulia habari za kimoja katika hivyo, kiti cha 43. Kilingojewa zaidi ya miaka 60, na katika muda huo watu kadhaa walisimama wakadai kuwa wamempata mwenyewe, wakaonekana wamekosea. Mwishowe aliyekikalia hakuchimbwa ardhini wala hakuokotwa mtoni, bali alitengenezwa kwa mikono ya binadamu. Jina lake ni teknetiamu. Ukinifuata hadi mwisho utaona kwamba upungufu uliomficha machoni pa watu ndio huo huo uliomfanya awe mtumishi wao mwema.

Mwaka 1869 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi zilizojulikana siku zile kwa kufuata uzito wa atomi zake. Aliona kuwa tabia zake hurudiarudia kwa mpango, kama vile majira yarudivyo kila mwaka. Lakini mpango ule haukukamilika. Mahali pengine elementi iliyofuata kwa uzito haikufaa kukaa pale kwa tabia. Mtu wa haraka angaliilazimisha ikae. Mendeleev hakufanya hivyo. Aliacha nafasi tupu, akasema kuwa mwenye nafasi ile hajajulikana bado, naye atakapojulikana atakuwa na uzito wa kiasi fulani na tabia za namna fulani.

Ulikuwa ujasiri mkubwa, kwa maana mtu anayetabiri huweka heshima yake rehani. Heshima ya Mendeleev ilikombolewa upesi. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na jerimaniamu mwaka 1886, zote zikakaa katika viti alivyoziwekea. Chini ya manganisi palikuwa na nafasi nyingine tupu. Wataalamu wakasema, kama hizo tatu zimepatikana, hii ya nne itakosaje kupatikana? Wakaanza kutafuta.

Msomaji, hamu ya kupata kitu ni jambo jema, lakini ina hatari yake. Mwenye kiu jangwani huona maji pasipo na maji. Mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa Urusi, Serge Kern, alitangaza kuwa ameipata elementi mpya katika mawe ya platinamu, na ikadhaniwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikingojewa, haikuwa. Mwaka 1908 Masataka Ogawa wa Japani alitangaza kuwa ameipata, akaipa jina la nchi yake. Wenzake walipojaribu kuipata kwa njia ile ile hawakuweza. Watu hawa hawakuwa waongo. Waliona kitu, lakini hawakuwa na kipimo cha kuwahakikishia kuwa kitu kile ndicho walichokitafuta.

Kipimo hicho kilipatikana kwa kijana wa Kiingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 aligundua kuwa kila elementi ikipigwa kwa elektroni hutoa miali ya eksirei yenye mawimbi yake peke yake, na kwamba mawimbi hayo hufuata nambari ya elementi bila kukosea. Tangu hapo nambari ya kiti haikuwa tena suala la kukisia. Nambari 43 maana yake ni atomi yenye protoni 43 katika kiini chake, si 42 wala si 44. Moseley mwenyewe hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Aliingia jeshini, akauawa huko Gallipoli mwezi wa Agosti 1915, naye ana umri wa miaka 27 tu. Lakini kipimo alichokiacha kilidumu.

Mwaka 1925 wataalamu watatu wa Ujerumani, Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg, walitangaza kuwa wamezipata elementi mbili kwa pamoja: ya 75, waliyoiita reniamu kwa jina la mto Rhine, na ya 43, waliyoiita masuriamu kwa jina la jimbo la Masuria. Kuhusu ya 75 walisema kweli. Walifanya kazi ya subira kubwa, na kufikia mwaka 1928 walikuwa wamepata gramu moja ya reniamu kutoka katika kilo 660 za mawe. Gramu moja ni kitu cha kuonekana kwa macho na kupimwa kwa mizani. Hakuna aliyeweza kuikana. Lakini masuriamu hawakupata kuionyesha. Miaka ikapita, wengine wakajaribu, na mstari wa eksirei walioudai haukuonekana tena.

Angalia jambo hili kwa makini. Watu wale wale, katika maabara ile ile, walipata sifa kwa dai moja na kupoteza kwa jingine. Wala usimdharau Ida Tacke kwa kosa hilo. Mwaka 1934, akiitwa Ida Noddack baada ya kuolewa, aliandika kuwa huenda kiini cha uraniamu kikipigwa kwa nyutroni hupasuka vipande vikubwa. Wakubwa wa elimu hawakumsikiliza, na miaka minne tu ikapita kabla ya jambo lenyewe kuthibitishwa. Basi sayansi haimwulizi mtu, “Wewe ni nani?” Humwuliza, “Una ushahidi gani?” Na huuliza hivyo kila siku upya.

Sasa twende California, nchini Marekani. Huko Berkeley mtaalamu aitwaye Ernest Lawrence alikuwa ameunda mashine iitwayo saiklotroni. Katika mashine hiyo vipande vidogo vya atomi huzungushwa kwa nguvu za sumaku na umeme, vikiongezewa mwendo kila mzunguko, kama jiwe katika teo, mpaka viwe na kasi ya ajabu. Kisha hurushwa vikagonga kitu kilichowekwa mbele yake. Ndani ya mashine mlikuwa na bamba la kuvigeuza vipande hivyo njia, na sehemu yake ilitengenezwa kwa madini ya molibdenamu, kwa sababu madini hayo hayayeyuki upesi kwa joto. Bamba lile lilipigwa mchana na usiku. Lilipochakaa lilitolewa, likawa takataka.

Katika kiangazi cha mwaka 1936 alifika Berkeley mgeni kutoka Italia, jina lake Emilio Segrè, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Palermo, kisiwani Sisilia. Chuo chake hakikuwa na saiklotroni wala mali ya kuinunua. Segrè alipoziona takataka zile alitambua kuwa zimejaa mionzi, akaomba apewe. Mwanzoni mwa mwaka 1937 Lawrence alimpelekea kipande cha bamba la molibdenamu, kikasafiri ndani ya barua kama picha ya ndugu aliye mbali.

Segrè alifikiri hivi: molibdenamu ni elementi ya 42. Imepigwa kwa muda mrefu na viini vya haidrojeni nzito, ambavyo kila kimoja kina protoni moja na nyutroni moja. Kiini cha molibdenamu kikiimeza protoni moja, 42 na 1 ni 43. Basi ndani ya takataka hii huenda amelala mwenye kile kiti kitupu.

Kufikiri ni jambo moja, na kuthibitisha ni jingine. Elementi mpya, kama ilikuwamo, ilikuwa kidogo mno hata hapakuwa na mizani duniani ya kuipima. Segrè alishirikiana na Carlo Perrier, profesa wa elimu ya madini katika chuo kile kile, naye alikuwa hodari wa kutenganisha vitu kwa njia za kemia. Njia yao nitakueleza kwa mfano. Mchungaji ana kundi la mbuzi na kondoo usiku wa giza, na mnyama mmoja tu amefungwa kengele. Hawezi kumwona, lakini akilitenga kundi mafungu mafungu na kusikiliza, atajua kengele imekwenda na fungu gani. Mionzi ndiyo iliyokuwa kengele ya Segrè na Perrier. Waliliyeyusha bamba, wakatia humo elementi mbalimbali, kisha wakazitoa moja moja kwa dawa, na kila mara wakapima mionzi imefuata upande gani. Haikufuata molibdenamu. Haikufuata elementi nyingine za jirani. Ilifuata reniamu, ambayo katika jedwali hukaa chini tu ya kiti cha 43 na kwa hiyo ni ya ukoo mmoja nayo. Kisha wakaweza kuitenga na hiyo reniamu pia. Kilichobaki hakikuwa na jina lolote lililokuwamo jedwalini.

Hivyo ndivyo katika mwaka 1937 kiti cha 43 kilivyopata mwenyewe. Na ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa binadamu kuitambua elementi iliyotengenezwa kwa mashine. Wazee wa zamani walipoteza umri na mali wakitafuta kugeuza risasi kuwa dhahabu. Watu hawa wawili, katika chuo kisicho na utajiri, waliitambua elementi iliyogeuka kuwa nyingine ndani ya kitu kilichotupwa.

Jina halikutolewa mara moja. Wakubwa wa chuo walitaka elementi iitwe kwa jina la kale la mji wa Palermo, lakini wagunduzi hawakuharakisha. Mwaka 1947, baada ya vita kuu, ndipo walipoipa jina la teknetiamu, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichotengenezwa. Jina la Masuria lilikuwa jina la nchi. Jina hili jipya halikuisifu nchi wala mtu. Lilisema ukweli wa kitu chenyewe.

Kati ya ugunduzi na jina palipita masaibu ambayo si haki kuyaficha. Segrè alikuwa Myahudi. Katika kiangazi cha mwaka 1938 alikuwa Berkeley tena, na huko ndiko zilikomfikia habari kuwa serikali ya Mussolini imetunga sheria za ubaguzi wa asili, na kwamba Wayahudi hawana ruhusa tena ya kufundisha katika vyuo vya Italia. Aliondoka kwao akiwa profesa. Akajikuta ugenini hana kazi wala pa kurudi. Mwaka 1943 Wanazi walimkamata mama yake huko Italia, wala hakurudi. Nchi iliyokuwa na mgunduzi wa kiti cha 43 ilimfukuza kwa sababu ya ukoo wake, nchi nyingine ikafaidika kwa elimu yake. Mwaka 1959 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine aliyoifanya huko Marekani. Msomaji, ubaguzi humdhulumu anayebaguliwa, lakini pia humfanya maskini yule anayebagua.

Yamkini sasa unauliza: kwa nini elementi hii haikupatikana ardhini, na hali jirani zake wawili, molibdenamu na rutheniamu, wanachimbwa? Jibu liko katika umri wake. Kiini cha teknetiamu hakitulii. Hutoa mionzi na kugeuka kuwa elementi nyingine. Tunaupima mgeuko huo kwa muda ambao nusu ya atomi zote huwa zimegeuka, nao huitwa nusu-maisha. Atomi za elementi moja zaweza kuhitilafiana kwa hesabu ya nyutroni, kama ndugu wa jina moja wenye uzito mbalimbali, nazo huitwa isotopu. Katika isotopu zote za teknetiamu, zinazodumu sana zina nusu-maisha ya miaka milioni 4 na kidogo. Waweza kudhani kuwa huo ni muda mrefu. Lakini dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5. Tangu ilipoumbwa, teknetiamu yake ya asili imekatwa nusu zaidi ya mara elfu. Hata kama dunia nzima ingalikuwa teknetiamu tupu, kukatwa nusu mara mia mbili kungalitosha kuimaliza isibaki atomi hata moja. Ndiyo sababu waliotafuta kwa nyundo na sururu walirudi mikono mitupu.

Na kwa nini kiini chake hakitulii? Mtaalamu wa Austria, Josef Mattauch, alionyesha mwaka 1934 kanuni moja: elementi mbili zinazokaa jirani jedwalini haziwezi kuwa na isotopu tulivu zenye uzito ule ule, mmoja lazima amwachie mwenziwe. Sasa tazama: uzito ambao ungeifaa teknetiamu ni kati ya 94 na 102 hivi. Molibdenamu imekwisha kushika 94, 95, 96, 97, 98 na 100. Rutheniamu imeshika 96, 98, 99, 100, 101 na 102. Hakuna uliobaki. Teknetiamu ni mfano wa mgeni aliyefika karamuni akakuta majirani wa kulia na wa kushoto wameimaliza mikeka yote. Atasimama kitambo, kisha itambidi aende zake.

Ijapokuwa haikupatikana migodini, mbingu haikuikosa. Mwaka 1952 Paul Merrill, mtaalamu wa nyota huko California, alichunguza mwanga wa nyota fulani kubwa nyekundu, akaona humo alama za teknetiamu. Habari hiyo iliwashangaza watu. Nyota zile ni kongwe, zina umri mkubwa kupita nusu-maisha ya teknetiamu mara nyingi sana. Basi kama teknetiamu imo ndani yake leo, haiwezi kuwa ilikuwamo tangu mwanzo. Lazima iwe inatengenezwa humo humo. Huo ulikuwa ushahidi ulio wazi kwamba nyota ni matanuri yanayofua elementi hata sasa. Elementi isiyodumu ilitufundisha asili ya zile zinazodumu.

Na bara letu la Afrika lina sehemu yake katika habari hii. Mapema katika miaka ya 1960 wataalamu walichukua kilo chache za mawe ya uraniamu yaliyochimbwa Kongo, wakatoa humo teknetiamu ya asili. Haikuwa ya tangu kuumbwa kwa dunia. Ilitokana na viini vya uraniamu ambavyo mara moja moja hupasuka vyenyewe. Kiasi chake kilikuwa sehemu ya bilioni ya gramu hivi. Mmoja wa wataalamu hao, Paul Kuroda, mzaliwa wa Japani, alikuwa amesema tangu mwaka 1956 kuwa hapo kale huenda mawe ya uraniamu yaliwahi kuwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia. Mwaka 1972 jambo hilo lilionekana kuwa kweli huko Oklo, nchini Gabon, ambako miaka bilioni 2 hivi iliyopita uraniamu ilijiwasha ardhini pasipo mtu wa kuiwasha. Teknetiamu iliyozaliwa katika moto ule imekwisha kutoweka zamani, lakini imeacha nyayo: rutheniamu ya 99, ambayo ndiyo teknetiamu ya 99 igeukayo kuwa. Basi elementi iliyoitwa ya kutengenezwa imewahi kutengenezwa na nyota, na ardhi ya Afrika pia, kabla binadamu hajazaliwa.

Kufikia hapa waweza kusema kuwa habari ni nzuri, lakini kitu kisichodumu kina faida gani? Kwa sura teknetiamu ni madini ya rangi ya fedha iliyofifia. Ni nzito kuliko chuma, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 2,150 hivi za Selsiasi. Kiasi kidogo cha chumvi yake kikitiwa majini huzuia chuma kushika kutu, lakini nani atathubutu kutia mionzi katika mabomba ya maji yake? Manufaa yake makubwa yalitoka mahali pengine.

Katika mwaka ule wa 1938, wa dhiki yake, Segrè pamoja na Glenn Seaborg waligundua namna moja ya teknetiamu ya 99 ambayo kiini chake kina ziada ya nishati, kama mtu aliyefika mwisho wa mbio akawa bado anahema. Baada ya kila saa 6 nusu ya viini hivyo huwa vimetoa ziada hiyo kwa mwali wa gama, vikatulia. Mwali huo una nguvu za kutosha kupenya mwili na kutoka nje, wala hauna nguvu nyingi za kumdhuru mgonjwa sana. Ni kama taa iliyowekwa ndani ya nyumba yenye giza: mtu aliye nje huona kupitia madirishani ni chumba kipi kina mwanga na kipi hakina.

Shida ilikuwa hii: kitu kinachopungua nusu kila saa 6 utakifikishaje hospitalini? Jibu lilipatikana katika maabara ya Brookhaven, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Walter Tucker na Margaret Greene. Walitumia molibdenamu ya 99, ambayo nusu-maisha yake ni saa 66 na ambayo hugeuka kuwa teknetiamu ile. Molibdenamu hiyo huwekwa katika mrija uliozungushiwa risasi nzito. Kila asubuhi maji ya chumvi hupitishwa mrijani, yakatoka na teknetiamu, nayo molibdenamu ikabaki kuzaa nyingine. Wafanyakazi wa hospitali za Marekani wakakiita chombo hicho ng'ombe, kwa sababu hukamwa leo na kesho kikatoa tena. Kilipopendekezwa kiandikishwe kuwa mali ya wavumbuzi wake, wakubwa waliohusika hawakuona kuwa kitakuwa na soko. Mapema katika miaka ya 1960 Paul Harper na Katherine Lathrop wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza kuitumia teknetiamu kwa wagonjwa, na leo hutumika katika mamilioni ya uchunguzi kila mwaka duniani.

Kazi yake hufanyika hivi. Daktari akitaka kujua hali ya mifupa, teknetiamu huunganishwa na dawa inayopendwa na mifupa. Akitaka moyo au figo, huunganishwa na dawa nyingine. Mgonjwa hudungwa sindano, kisha hulala chini ya kamera inayopokea miali ya gama. Mahali palipo na ugonjwa huonekana, pasipo kisu. Kesho yake, baada ya saa 24, imebaki sehemu moja tu katika 16. Baada ya siku mbili imebaki sehemu moja katika 256. Kinachosalia ni teknetiamu ya 99 ya kawaida, kidogo mno na yenye kutoa mionzi polepole mno, nayo nyingi hutoka mwilini. Ingalikuwa ni kitu cha kudumu, nani angalikubali kutiwa mwilini? Wema wake uko katika kuondoka kwake.

Hata hivyo sitaki nikuache na upande mmoja wa habari. Kitu kisichodumu hakiwekwi ghalani kama mahindi. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilisimamishwa kwa sababu ya kuvuja, na mwaka uliofuata kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikasimama kwa matengenezo. Vinu hivyo viwili ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya molibdenamu hiyo duniani, na hospitali nyingi zikalazimika kuahirisha uchunguzi wa wagonjwa wao. Nchi isiyo na kinu cha nyuklia, kama Kenya, haina budi kuletewa kwa ndege, na kila saa inayopotea uwanjani ni dawa inayopotea. Katika Afrika, kinu cha Pelindaba, Afrika Kusini, ni mmoja wa watoaji wake wachache.

Tena yuko yule ndugu mwingine, teknetiamu ya 99 iliyokwisha kutulia. Katika vinu vya umeme, kila viini 100 vya uraniamu vinapopasuka, karibu 6 huishia kuwa teknetiamu hiyo, na nusu-maisha yake ni miaka 211,000. Dunia ambayo haikuwa na punje ya kuonekana sasa ina tani nyingi, nazo huchukuliwa upesi na maji ya ardhini zisipohifadhiwa vema. Jina ni moja, kiti ni kimoja. Anayekaa saa chache ameponya wengi, na anayekaa miaka laki mbili ni deni tunalowaachia wajukuu ambao hawakukopa. Aliyetengeneza kitu hawezi kusema kuwa ni kazi ya maumbile.

Basi, msomaji, utakapoingia tena katika chumba cha sayansi, inua macho uitafute nambari 43, katikati ya jedwali, chini ya manganisi. Kumbuka kuwa Mendeleev alikubali kusema, “Hapa sijui,” akaacha nafasi tupu. Na nafasi hiyo tupu iliyoachwa kwa uaminifu ilikuwa na thamani kuliko majina yote yaliyotiwa humo kwa pupa. Nawe katika masomo yako utakutana na maswali usiyoyajua majibu yake. Usione haya kuacha kiti kitupu mpaka utakapopata ushahidi. Na ushahidi wenyewe usiudharau ukija kwako katika sura ya takataka ndani ya barua.